Nia Njema: Sheria, Vita na Kumbukumbu za Watu wa Lamu

Hotuba hii niliitoa Lamu, baada ya sala ya Isha, uwanjani Mkunguni mbele ya Ngome. Ndugu wengi walioko Malindi, Mombasa na safarini wameiomba. Naiweka hapa yote kama ilivyosemwa.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wetu, wazee wangu wa Mkomani na Langoni, mama zangu mlioketi kule barazani, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mlioacha mambo yenu ya usiku mkaja, ahsanteni sana. Na nyinyi ndugu zetu mliovuka kutoka Faza, Kizingitini, Siyu na Kiunga, najua bahari ya leo ilikuwa chafu. Mwenyezi Mungu awalipe.

Mkononi nina karatasi. Mnaziona? Ni chache, hata upepo huu wa kusi unazichezea. Ni sheria ya Kenya, Sura ya 44, iliyopitishwa mwaka 1970. Sitaisoma sasa. Nataka mzitazame tu karatasi hizi wakati nazungumza, kwa sababu jina la mji wetu limo ndani yake, na wengi wenu hamjui.

Swali langu la usiku huu ni moja. Vita vikishapita, nani mwenye haki ya kuamua vikumbukwe vipi? Ni Bunge? Ni mahakama? Ni mwalimu darasani? Ni bibi yako aliyeviona kwa macho yake?

Tuanze nyumbani. Mkitoka hapa mkafuata pwani mtafika Shela. Karibu na mwaka 1812 majeshi ya Mazrui wa Mombasa pamoja na ya Pate yalishuka pale kuitaka Lamu. Watu wa Lamu waliwapiga. Waliposhindwa wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yamekupwa, majahazi yamelala juu ya mchanga kama samaki aliyeachwa na mtego. Wengi waliuawa palepale. Wazee wetu walikuwa wakisema mifupa iliendelea kuonekana michangani kwa miaka mingi. Baada ya vita hivyo Lamu ikaogopa kisasi, ikaomba ulinzi kwa Sayyid Said wa Omani, na Ngome hii tunayoipa mgongo ikamalizika kujengwa katika miaka hiyo.

Sasa sikilizeni. Vita vile vilikumbukwa kwa mashairi. Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji akitunga, na huku Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi. Beti zikavuka bahari, beti zikajibiwa. Kila upande ulikuwa na ukweli wake, na hakuna aliyepelekwa gerezani kwa sababu ya kina na mizani. Leo ni zaidi ya miaka 200. Mpate anaoa Lamu, Mwamu anaoa Mombasa. Nimesikia kwa masikio yangu, harusini, mzee wa Lamu akimuuliza mkwewe wa Pate: "Mmeangalia maji kabla ya kuja?" Watu wakacheka, na mkwe akacheka zaidi.

Lakini nisiwadanganye, waungwana. Sisemi zamani ilikuwa peponi. Mashairi yale yaliwakumbuka mabwana. Mtumwa aliyebebeshwa ngao akafa pale mchangani, nani alimtungia ubeti? Nani anajua jina lake? Kumbukumbu ikiachwa bila ulinzi wowote, huwahifadhi wenye sauti na kuwazika wasio nayo mara ya pili. Ndiyo maana siwadharau wanaosema kwamba sheria ina kazi katika jambo hili. Ina kazi. Tatizo ni kazi gani.

Tazameni Ulaya. Wanazi waliwaua Wayahudi milioni sita. Vita vikaisha mwaka 1945, na haukupita muda wakazuka watu wenye suti na vitabu wakisema hayo hayakutokea, vyumba vya gesi ni hadithi. Mtu aliyempoteza mama yake mle anaishi, ananunua mkate, anakutana njiani na anayemwambia mama yako hakuuawa. Ufaransa ikatunga sheria mwaka 1990 kwamba kuukana uhalifu ule ni kosa la jinai. Ujerumani nayo ina sheria ya namna hiyo. Mimi, kwa dhati ya moyo wangu, siwezi kumlaumu Mjerumani kwa hilo. Nyumba iliyoungua ikijiwekea sharti la kutochezea kiberiti, jirani usicheke.

Na tusiende mbali. Rwanda, mwaka 1994, kuanzia Aprili mpaka Julai, takriban siku 100. Umoja wa Mataifa unahesabu waliouawa kuwa 800,000. Wanyarwanda wenyewe wanasema ni zaidi ya milioni. Walichinjwa na majirani, huku redio ikitaja majina. Nchi iliyopitia hayo ikisema maneno yanaua, inajua inachosema. Mwaka 2008 Rwanda ilitunga sheria dhidi ya itikadi ya mauaji ya kimbari, na baadaye ikairekebisha mara mbili, 2013 na 2018. Kwa nini irekebishwe? Kwa sababu ilikuwa pana kupita kiasi. Maneno yakiwa mapana, mwenye mamlaka huyajaza apendavyo.

Mwaka 2010 Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani, alirudi Rwanda kutoka ng'ambo akazungumza penye makumbusho ya mauaji hayo. Akashtakiwa, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikamfunga miaka 15. Kesi yake ilifika Arusha, hapa jirani, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2017 majaji wakaamua kuwa Rwanda ilivunja haki yake ya kujieleza. Hawakusema kwamba mauaji yale yakanwe. Walijua walipo na wanazungumza juu ya nini. Nampa heshima jaji wa namna hiyo, anayeweza kushika maiti kwa mkono mmoja na haki ya aliye hai kwa mkono wa pili bila kuangusha chochote. Wengi wetu hatuwezi.

Sasa nendeni Urusi. Mwaka 2014 walitunga sheria ya kuwaadhibu wanaousafisha Unazi. Jina zuri, sivyo? Nani hapa anataka Unazi usafishwe? Na Warusi wana msiba wao: Muungano wa Sovieti ulipoteza watu wapatao milioni 27 katika vita vile. Hakuna nyumba isiyolia. Lakini miaka miwili baadaye fundi mmoja wa magari katika mji wa Perm alitozwa faini ya rubo 200,000. Kafanya nini? Alisambaza mtandaoni makala ya mtu mwingine, iliyosema kwamba mwaka 1939 Ujerumani na Wasovieti waliivamia Poland kwa pamoja.

Walimu wa historia mlioko hapa, nisaidieni. Ujerumani iliingia Poland tarehe ngapi? (Wakajibu.) Naam, 1 Septemba 1939. Na Wasovieti? 17 Septemba, mwaka huohuo. Siku 16 kati ya mmoja na mwenziwe. Fundi wa magari, mtu wa spana na mafuta, akapigwa faini kwa jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu angeweza kulihesabu kwa vidole. Msiba wa kweli wa watu milioni 27 ukageuzwa kufuli. Na mwishoni mwa 2021 mahakama ikaamuru kufungwa kwa Memorial, shirika lililokuwa likikusanya majina ya waliouawa na kufungwa zama za Stalin. Majina tu, ndugu zangu. Daftari za majina.

Poland nayo, mwaka 2018. Walikuwa wamechoka kusikia watu wakisema "kambi za kifo za Poland", ilhali kambi zile zilijengwa na Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi yao. Malalamiko ya haki kabisa! Wakatunga sheria: atakayelibebesha taifa la Poland uhalifu wa Wanazi, hadi miaka mitatu gerezani. Wanazuoni na wasanii wakasamehewa. Lakini je, mama wa kijiji cha Jedwabne, si mwanazuoni wala msanii, anayetaka kusimulia kwamba Julai 1941 Wayahudi wa pale walifungiwa ghalani wakachomwa moto, na walioshika viberiti walikuwa majirani zao Wapoland? Huyo afanye nini? Anyamaze? Kelele zikawa nyingi duniani, na kabla mwaka haujaisha kifungo kikaondolewa kwenye sheria ile.

Kisa cha Ufaransa nakipenda zaidi, kwa sababu ndani yake mna mzee. Februari 2005 Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria, na kifungu kimoja kikaagiza kwamba mitaala ya shule itambue mchango mwema wa Ufaransa katika nchi ilizozitawala, hasa Afrika Kaskazini. Mchango mwema! Algeria ilipigana nao vita vya miaka minane hivi kupata uhuru wake. Mwalimu ambaye babu yake aliteswa kule asimame mbele ya watoto aseme ahsante, na aseme kwa amri ya sheria. Kule kisiwani Martinique alikuwako mshairi Aimé Césaire, mzee wa miaka 92. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Nicolas Sarkozy, alitaka kuzuru kisiwa. Mzee akasema hatampokea, na akataja sheria ile kuwa ndiyo sababu. Ziara ikaahirishwa. Wanahistoria wa Ufaransa nao wakatia saini waraka wakisema historia haiandikwi na Bunge. Mwanzoni mwa 2006 kifungu kile kikafutwa. Kisiwa kidogo, mzee mmoja, mlango mmoja uliokataa kufunguliwa. Sisi watu wa visiwa tunaelewa mlango una maana gani.

Mpaka hapa nimesimulia sheria zinazoamuru watu waseme nini. Ziko nyingine, nazo ndizo zilizotupata sisi. Ni sheria zinazoamuru watu wanyamaze.

Rudini Kenya. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku Mau Mau mwaka 1950. Hali ya hatari ikatangazwa 20 Oktoba 1952, tarehe ambayo sasa tunaiadhimisha kama Mashujaa. Watu zaidi ya elfu moja wakanyongwa, na maelfu kwa maelfu wakatiwa kambini. Na kambi nyingine iko pale, ng'ambo ya mlango huu wa bahari. Manda! Vijana, mnapopeleka wageni Takwa kuona msikiti wa kale na nguzo ya kaburi, mnawaambia kwamba Manda palikuwa na wafungwa wa Mau Mau? Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa Kikuyu, alizuiliwa hapo. Babu zetu walipita na mashua wakiona moshi wa jikoni lao.

Uhuru ukaja 1963. Je, marufuku ile iliondolewa? Haikuondolewa. Sikilizeni vizuri: haikuondolewa mpaka mwaka 2003. Miaka arubaini bendera inapepea, wimbo wa taifa unaimbwa, na mzee aliyepigania bendera hiyo, kwa mujibu wa sheria, ni mwanachama wa chama haramu. Hawezi kuandikisha umoja wa wenzake. Sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ikasimama Nairobi mwaka 2007, miaka hamsini tangu anyongwe. Watoto wa mashujaa wale walikuwa tayari ni wazee.

Na Hola, jirani zetu wa Mto Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa kambini mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji! Watu wamevunjwa mifupa, taarifa inasema maji. Uongo ule haukufika mbali, kwa sababu uchunguzi ulifanywa. Lakini mengi mengine yalifichwa. Wakoloni walipoondoka walichoma majalada mengine na mengine wakayasafirisha. Mwaka 2011, wazee walioteswa wakati wa Mau Mau wakiwa mahakamani London, serikali ya Uingereza ikakiri kwamba ina makasha karibu 300 ya majalada ya Kenya, yamefichwa Hanslope Park, hukohuko Uingereza. Nusu karne! Makasha yalipofunguliwa kesi ikabadilika. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na waziri wake akasimama Bungeni kusema wanajuta.

Ni nini kilichowasaidia wazee wale? Je, ni sheria ya kumfunga anayekana mateso yao? Hapana. Walisaidiwa na vitu viwili: mahakama iliyokubali kuwasikiliza, na majalada yaliyofunguliwa. Mlango wa mahakama na mlango wa kabati. Shikeni hivyo viwili, kwa sababu sasa nafika kwenye karatasi zangu.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa bara, upande wa Kiunga. Walikuwa wakilima mtama, mahindi na ufuta. Ulipofika wakati wa kuchoma msitu uliofyekwa, usiku wake wanaume walikaa wakiimba vave mpaka alfajiri, ndipo moto uwashwe. Bibi alijua beti nyingi za vave, ingawa alisema mwanamke hakai pale. Alizisikia kutoka nyuma ya makuti.

Ikaja vita ya Shifta, yaani majambazi, jina waliloitwa waasi. Watu wa Kaskazini wenye asili ya Kisomali walitaka kujiunga na Somalia. Serikali changa ya Kenya ikakataa. Mwishoni mwa Desemba 1963 hali ya hatari ikatangazwa kule. Wabajuni wa bara, watu wa bibi yangu, wakajikuta katikati. Usiku anakuja mtu na bunduki anataka chakula. Mchana anakuja mtu na bunduki anauliza nani aliyempa chakula yule wa usiku. Utajibu nini? Ukisema ndiyo, umekwisha. Ukisema siyo, kapu la mahindi lililopungua linakushuhudia.

Siku waliyoondoka, bibi alikuwa anapika. Kila alipotusimulia alianza na neno hilohilo: "Tuliwata nyungu motoni." Tuliacha chungu motoni. Hakusema nani aliyewafukuza, alisema chungu. Kwenye mashua alipanda na mtoto mgongoni na mbuzi ya kukunia nazi mkononi. Hakuchukua hati, wala nguo. Alichukua mbuzi. Mbuzi hiyo ninayo mpaka leo. Mguu mmoja umefungwa kamba, na chuma chake kimelika mpaka meno yake yamekuwa madogo kama ya mtoto. Kila Ramadhani mama yangu aliikalia kukuna nazi ya futari, pale Langoni, na mimi nikiuliza mbuzi hii ni ya wapi, bibi anajibu: "Ya nti yetu." Ya nchi yetu.

Ndugu yake bibi hakupanda mashua. Siku chache kabla, watu wenye sare walimchukua kwenda kumuuliza maswali. Hakurudi. Hakuna kaburi. Hakuna karatasi. Wengine wa kijiji kile walikimbilia Lamu, wengine Malindi, wengine Mombasa, wengine walivuka mpaka wakaingia visiwa vya upande wa Somalia. Msitu ukaota kwenye mashamba. Vave ikakosa moto wa kuiimbia.

Miaka mingi baadaye mjomba wangu alinichukua tukaenda Mombasa kumwona wakili. Alitaka kuuliza jambo moja tu: ndugu ya mama yake alipelekwa wapi. Wakili alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaleta kitabu, akakifungua, akakigeuza upande wetu, akaweka kidole. Nikasoma. Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River, na chini ya kidole chake: Lamu. Wakili akasema, "Mzee, mlango huu ulifungwa kabla hujabisha hodi."

Hii ndiyo sheria ile. Inasema hivi, kwa Kiswahili chetu: jambo lolote lililotendwa katika maeneo haya, baada ya 25 Desemba 1963 na kabla ya 1 Desemba 1967, likiwa limetendwa na afisa wa serikali au askari, kwa nia njema au katika kutekeleza kazi yake kwa manufaa ya umma, hakuna dai litakalopelekwa mahakamani, wala fidia.

Kwa nia njema.

Masheikh wetu mko hapa. Hadithi ya kwanza tuliyofundishwa chuoni ni ipi? Hakika matendo huzingatiwa kwa nia. Na nia hiyo anayeijua ni nani? Ni Mwenyezi Mungu peke yake. Basi Bunge la 1970 lilikaa Nairobi, miaka mitatu baada ya vita kuisha, likatufunga mlango kwa kufuli iliyoandikwa nia njema, wala halikumuuliza bibi yangu yeye alionaje nia hiyo.

Kuna atakayesema, lakini mwalimu, sheria hii haikukataza mtu kukumbuka. Ni kweli, haikukataza. Bibi alikumbuka mpaka kufa. Lakini kumbukumbu isiyoweza kusemwa mbele ya hakimu, isiyoweza kuitisha jalada, isiyoweza kumuuliza mtu swali akalazimika kujibu, huishia jikoni. Watoto wanaikuta ni hadithi ya usiku. Wajukuu wanaisikia nusu. Mwishowe anakuja mgeni anauliza, "Nyinyi mlikuwa na mashamba bara? Ushahidi uko wapi?" Mwenye kovu usidhani kapoa.

Wahispania walipitia jambo kama hili. Mwaka 1977, baada ya utawala wa Franco, walipitisha sheria ya msamaha, na makosa ya vita na ya udikteta yakafunikwa. Waliouawa walibaki mashimoni kando ya barabara, wajukuu wakipita juu yao na magari. Ikabidi waje na sheria nyingine mwaka 2007, na nyingine tena 2022, inayoipa serikali yenyewe jukumu la kuwatafuta na kuwafukua. Miaka arubaini na mitano!

Hapa kwetu Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilizunguka nchi, ikasikiliza. Ripoti ikakabidhiwa kwa Rais 21 Mei 2013, na ilipendekeza sheria hii ifutwe. Bunge likabadilisha utaratibu ili lenyewe liijadili ripoti kwanza. Machi 2015 Rais akaomba radhi kwa niaba ya serikali, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Radhi ile nilifurahi kuisikia, nasema kweli, nililia. Lakini aliyewahi kupokea chochote katika mfuko ule na ainue mkono. (Hakuna aliyeinua.)

Sasa neno la mwisho kabla ya kazi. Wiki iliyopita kijana mmoja alinijia nyumbani amekasirika. Alikuwa ameitwa shifta kwenye kituo cha ukaguzi, yeye ambaye hata baba yake alikuwa hajazaliwa wakati wa vita ile. Akaniuliza: kwa nini tusidai sheria, atakayetuita shifta au atakayekana yaliyotupata afungwe?

Mwanangu, upo hapa, nakuona. Hasira yako ni halali. Lakini fikiria. Vita ile ina wengine pia. Yuko mjane wa askari aliyeuawa na shifta njiani, akaachwa na watoto wanne. Yuko dereva, yuko mwenye duka. Mjane yule akisimulia, katika simulizi lake kijiji cha bibi yangu ndicho kilichowapa chakula waliomuua mumewe. Je, tumfunge? Tukitunga sheria ya simulizi moja, yeye tutamweka wapi? Na rungu hilo, tukishalikabidhi serikali, una hakika litabaki mkono uleule? Fundi wa Perm alipigwa na rungu lililochongwa dhidi ya Wanazi.

Mimi sitaki sheria ya kumlazimisha mtu aamini habari ya bibi yangu. Nataka kufuli iondolewe. Sura ya 44 ifutwe, kama Tume ilivyosema. Na makabati yafunguliwe. Katiba, kifungu cha 35, inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa mwaka 2016. Vita iliisha 1967. Hesabuni wenyewe. Daftari za vituo, barua za maofisa wa wilaya, orodha za waliochukuliwa: zitolewe, na mjane wa askari naye azisome, na mimi nizisome, tukae barazani tubishane tukiwa na karatasi mbele yetu. Na tukishindana sana, basi tutungiane mashairi, kama Muyaka na Bwana Zahidi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tangu 2014 tumeona vita vingine hapa kwetu. Mpeketoni, barabara ya Witu, msitu wa Boni. Kuna wajane wapya. Kuna watu waliochukuliwa wakaulizwa maswali. Hayo nayo yanaandikwa na nani usiku huu?

Basi kazi yenyewe ni hii. Pale mezani, chini ya taa, kuna daftari kubwa lenye jalada la buluu. Kila ukurasa una mistari minne: jina la mtu, kijiji chake cha bara, mwaka alioondoka au aliochukuliwa, na nani anayekumbuka. Hakuna mstari wa lawama. Kwenye ukurasa wa kwanza nimemwandika ndugu yake bibi. Daftari hili tutalinakili mara tatu: moja Faza, moja Malindi kwa ndugu zetu walioko huko, moja hapa. Na barua ya kuomba majalada imeshaandikwa. Inataka saini tu, na namba za vitambulisho.

Asiyejua kuandika, binti yangu amekaa pale, atamwandikia. Mama zangu msione haya, hata kama mnalikumbuka jina moja tu, hata kama ni la utani. Wanaorudi Kizingitini na Faza watangulie, manahodha wanasema wataondoka na maji ya alfajiri.